Uzito wa Behewa Tupu

Miaka thelathini na mmoja nilipima ngano
bandarini Duluth, ziwa likiwa limeganda hadi Aprili,
na kanuni ilikuwa moja tu:
behewa hupimwa mara mbili,
likiwa limejaa, kisha likiwa tupu.
Tofauti ndiyo ngano. Mengine ni chuma na kutu.

Basi msiniulize kwa pupa, hapa baa kwa Kivela,
kama Orrin Haugen ni meneja au ni mchuuzi.
Nileteeni kwanza behewa tupu.

Alipokabidhiwa timu tulikuwa na ushindi kumi na saba,
paa la ukumbi likivuja juu ya safu ya ishirini,
na kocha wa tatu kwa mwaka mmoja
akichora mbinu nyuma ya risiti ya piza.
Huo ndio uzito wa kuanzia. Uandikeni.

Mwezi wa pili akamuuza Marquell Pettway.
Mke wangu Taimi hajamsamehe mpaka leo:
hufuma soksi akilipa kisogo jukwaa la wakubwa,
hata mechi ikiwa sare na zimebaki sekunde nne.
"Unamuuzaje mtu anayejua majina ya wauza bisi?"
Tulipewa nini? Zamu tatu za kuchagua vijana,
karatasi tatu.
Ya kwanza ikawa mvulana wa Riga, Edgars, shingo kama korongo,
ambaye sasa akiinua mkono kona ya kushoto
watu elfu kumi na moja hunyamaza.
Ya pili ilivunjika goti Novemba.
Ya tatu inauza matairi Omaha, na nasikia inauza vizuri.

Hiyo ni akili au bahati?
Vijana hugawanyika hapo, bia zikimwagika.
Mimi najua vumbi. Kila shehena hupoteza vumbi njiani,
na mpimaji mwaminifu huliachia nafasi daftarini.
Goti la kijana ni vumbi.
Mkataba wa Ilinčić si vumbi:
miaka minne, mamilioni, kwa jitu la miaka thelathini na tano
linaloshuka ngazi kwa upande kama kaa.
Huo aliupakia mwenyewe, mchana, akiona.

Nilimwandikia barua moja, sikuituma.
Hasira ikinishika hupanga maneno kama magunia, nane kwa nane:

Atwambia tungojeni, miaka sita yapita,
Tumejikunja kitini, baridi inatupata,
Bei yapanda jamani, mifuko inatusuta,
Kikombe ki njia gani, au moshi twafuata?

Kisha ukaja mchezo wa saba, Mei, dhidi ya Tulsa.
Edgars, kona ile ile.
Mpira ukazunguka pete mara mbili
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo,
ukatoka.
Ungeingia, leo kungekuwa na mtaa wa Haugen.
Haukuingia, na Kivela kamfuta kwenye ubao wa picha.
Mtu yule yule! Mikataba ile ile!

Hesabu yangu, basi:
hamsini na mmoja, toa kumi na saba.
Toa Ilinčić. Toa zamu za miaka miwili ijayo,
mbegu tulizokwisha kula.
Kinachobaki ni ngano, si haba.
Ila Pettway aliambiwa kauzwa na dereva wa basi,
na hilo nimelitafutia mizani, sijapata.

Jumamosi nilimkuta dukani kwa Stordahl,
kofia imeshuka hadi nyusi,
akipima kwa mikono makoleo mawili ya theluji.
"Lipi bora?" akauliza, bila kujua mimi ni nani.
"Zito," nikasema. "Jepesi huvunjika Januari."
Akafikiri sana. Alifikiri kweli, nilimwona.
Akachukua jepesi.
Mpini, alisema, atabadilisha baadaye.